Kimo cha Mlango

Baada ya kupimwa urefu, Bi Sikudhani hakuondoka. Alimgeukia Leokadia, mtafiti aliyekuwa akichunguza jinsi watoto wanavyorithi kimo.

"Mwanangu alipotea ana miaka tisa. Sasa ana ishirini. Kimo chake kitakuwa kimefika wapi?"

"Baba yake ana urefu gani, mama?"

Akainua kiganja juu ya kichwa chake. "Marehemu alifika hapa."

Leokadia akapima hadi kiganjani, akapiga hesabu. "Sentimita mia na themanini. Lakini hesabu hukosea, mama. Huenda akazidi vidole vinne, huenda akapungua."

Nyumbani kwa Bi Sikudhani, alama za penseli za kimo cha mtoto kwenye fremu ya mlango zilikomea chini ya bega lake. Akaupima mlango. Ulikuwa mfupi kuliko mia na themanini.

Kesho yake akamwita fundi.

"Bomoa juu, upate mia na themanini," alimwambia, kidole kikiwa kwenye alama ya mwisho. "Kisha ongeza vidole vinne."