Mtego wa Mwalimu Sabyr

Aizada alihesabu upya mistari ya nuru kwenye karatasi, kila mstari ukionyesha gesi yake. Hewa ya kuvuta ilikuwepo. Maji yalikuwepo. Kisha ule mstari mwembamba wa gesi ya mafriji, gesi isiyotoka kwenye mwamba wala volkano, ila kiwandani tu.

Mwingine angerukaruka kwa furaha. Yeye aliogopa.

Katika kituo chao cha kutazama nyota, milimani juu ya mji wa Naryn, kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hupewa nuru ya sayari moja ya mbali, iliyonaswa na darubini kubwa za ng'ambo. Jina la nyota yake hufungiwa kwenye bahasha. Mwanafunzi huilinganisha nuru hiyo na ya Zuhura, Mirihi na Dunia, sayari tunazozijua, kisha hueleza ni sayari ya namna gani.

Lakini Mwalimu Sabyr ana mtego wake. Hupanda mwenyewe ngazi themanini za kuba la darubini, hamwachii mtu, akanasa nuru ya Dunia yetu inayorudi kutoka upande wa Mwezi usiopigwa na jua. Huichomeka katikati ya zile nyingine. Anayetangaza viumbe wa mbali kwa nuru ya nyumbani, hufungasha vitabu, masomo yameisha.

Bekzod alinaswa mwaka juzi. Alikimbia hadi bwaloni akipiga kelele kwamba hatuko peke yetu. Sasa ndiye mpishi wa bwalo hilohilo, na wanamwita Balozi.

"Mbona hunywi chai, dada?" alimuuliza Aizada asubuhi ile. "Au na wewe umeona watu? Wasalimie!"

"Niache, Balozi. Nikikosea leo, kesho niko kwa mama nachunga kondoo."

"Jikoni kuna nafasi. Njoo tumenye vitunguu."

Aizada hakucheka. Alirudi chumbani, akaweka nuru yake juu ya ile ya Dunia. Zililingana, ila gesi ya kiwandani ilizidi kidogo. Kosa la kipimo, alijiambia, na moyo ukamtulia kidogo. Nani mwingine angekuwa na mafriji?

Saa sita mchana alibisha hodi kwa Mwalimu. Mzee alikuwa amenyoosha mguu wenye plasta juu ya stuli, magongo yake yameegemea ukuta. Bahasha ilikuwa mezani, haijafunguliwa.

"Haya, binti. Umepata nini?"

"Safari hii hunipati, Mwalimu," alisema. "Hii ni Dunia yetu. Umeichukua Mwezini ukaniletea. Hata uchafu wa viwanda vyetu umo."

Mwalimu Sabyr hakutabasamu. Aliivuta karatasi, akaifuata mistari kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Kwenye ule mwembamba kidole kikasimama. Aliichana bahasha, akasoma, akasoma tena, na uso ukamsawijika.

Aizada alirudi nyuma hadi mlangoni. "Nimekosea? Nikafungashe?"

"Funga mlango," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Kisha ukae, mwanangu. Huu mguu niliuvunja kwenye barafu kabla sijapanda kuba. Mwaka huu sikuweka mtego."