Wali wa Safari

Mlinzi wa lango la nyuma alianza kukoroma kabla hajafumba macho.

Mheshimiwa Nanjundappa, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mapipa ya jikoni, aliliona jambo hilo akalihesabu kuwa neema. Vyama tawala, aliwaza, huajiri walinzi kama vinavyoteua mawaziri: kwa undugu, si kwa ujuzi.

Tangu Jumatatu chama kilikuwa kimewafungia wabunge wake wa jimbo katika hoteli ile ya kifahari, katikati ya mashamba ya kahawa, kama ilivyo desturi kila kura ya imani inapokaribia. Waliogelea, wakacheza karata, wakala hadi vifungo vikalegea. Ila hakuna aliyeruhusiwa kutoka, asije akanunuliwa. Simu zao alizikusanya Waziri Kiongozi mwenyewe, Byre Gowda, akazifungia katika sanduku la chuma, na ufunguo akauning'iniza shingoni. Serikali yake ilisimama kwa kura moja tu, na kura zingepigwa kesho.

Kura hiyo moja, kwa hesabu ya Nanjundappa, ilikuwa yake.

Alikuwa ametumikia vyama sita, na kimoja kati ya hivyo mara mbili. Nyumbani alitunza shali za vyama vyote, zimefuliwa na kupangwa kwa rangi, kwa maana hakuna ajuaye kesho atavishwa ipi mbele ya kamera. Daraja la kwao alikuwa amelizindua mara tatu, kila mara kwa shali nyingine, na daraja lenyewe lilikuwa bado halijafika ng'ambo. Jambo moja tu lilikuwa limempita: hakuwahi kuwa waziri. Watu aliowafundisha kusinzia bungeni kwa heshima walimpita barabarani wakiwa na bendera kwenye magari, naye akabaki kula vumbi lao. Mkewe alikuwa ameacha hata kuuliza. Sasa, uzeeni, upinzani ulikuwa umemwahidi Wizara ya Umwagiliaji, mradi awasili leo kabla ya jua kuzama. Ahadi hiyo aliletewa chumbani na Subbanna, mpishi wa hoteli, pamoja na kahawa ya asubuhi.

"Twende, mzee," Subbanna alinong'ona.

"Bado. Saa mbaya ya nyota ya Rahu haijaisha. Siwezi kuanza uwaziri kwa mkosi."

"Mzee wangu, ukichelewa sana, yule mlinzi atachoka kulala."

Nanjundappa alicheka kwa pua. Alimpenda mpishi huyu. Watu wa chini, alisema daima, ndio wenye utani safi.

"Na wale ndugu wawili, akina Hosamani?" Subbanna aliuliza. "Si wako huko huko upinzani, unakokwenda? Nasikia waliapa mbele ya kuni zilizomteketeza marehemu baba yao."

"Waliapa kwamba hawatalala chini ya paa moja na mimi. Eti nilimwangusha baba yao kwa fitina, akafa kwa uchungu." Nanjundappa alipangusa unga uliokuwa umeganda begani. "Kijana, mimi nimeapa mbele ya Spika mara ngapi? Kiapo cha mwanasiasa ni povu la kahawa. Linapanda, unalipuliza, unakunywa."

"Mungu akuzidishie hekima," alisema Subbanna, akainamisha kichwa.

Saa mbaya ilipokwisha, mpishi alimkabidhi kopo la chuma lenye wali wa ukwaju, ule wa kuchukuliwa safarini. "Ufungue ukishafika, mzee. Njiani ni kona tupu, utakumwagikia."

Walimpita mlinzi kwa kunyata. Alikuwa akikoroma kwa bidii, ameliegemea lango ambalo, kwa uzembe wake, halikuwa na kufuli. Chini ya kilima gari la upinzani lilikuwa likingoja. Kwenye kona nyembamba dereva alilazimika kurudi nyuma ili kulipisha gari jingine lililopanda kwa kasi, mapazia yake yameshushwa.

"Watu wa harusi hao," alisema dereva.

"Nasi tunakwenda yetu," alijibu Nanjundappa.

Katika hoteli ya upinzani alipokelewa kwa ngoma. Kiongozi wao, Bwana Gurunath, alimvika shada la maua lililomfikia magotini, akatandaza mikono.

"Karibu tena nyumbani, kaka!"

"Moyo haukuondoka kamwe, ndugu yangu. Ni kiwiliwili tu kilichokuwa kwingine." Kisha, kwa sauti ya chini: "Na akina Hosamani? Siwaoni."

"Niliwaficha habari zako, lakini nadhani wamezinusa. Wamejifungia chumbani tangu mchana, televisheni inanguruma, mlango hawafungui." Gurunath alimpigapiga mgongoni. "Wamenuna tu. Watazoea. Nani asiyeizoea serikali?"

Wakacheka, wapiga picha wakapiga picha, na mtu akamwita Nanjundappa "Mheshimiwa Waziri". Aliyafumba macho ili neno hilo limwingie vizuri.

Alipobaki peke yake chumbani, njaa ilimkumbusha kopo la Subbanna. Alilifunua, akachota wali kidogo, akasifu ukwaju. Kidole chake kikagusa jani la mgomba lililofunga kitu kigumu. Ndani ya jani ilikuwamo simu. Simu yake mwenyewe.

Ikaanza kuita.

"Umefika salama, kaka?" Ilikuwa sauti ya Byre Gowda, tulivu kama ya mtu aliyekwisha kula. "Ile saa ya Rahu ilitutia wasiwasi kidogo. Sasa nina wageni wawili hapa, wanakushukuru sana. Wanasema kitanda chako bado kina joto."