Mkwaruzo Kichuguuni

Nguchiro, mwenyekiti wa kamati ya makazi kichuguuni, alipenda unadhifu. Siku moja aliitisha mkutano na kutangaza kwamba mchwa wahame, kwa kuwa wanachafua korido kwa udongo.

"Mji mzuri ni wa wakazi wanaoonekana," alisema.

Kenge, aliyekuwa ametaga mayai sita ukutani, ndiye aliyeunga mkono kwanza. "Waende, Mwenyekiti. Kutwa wanakwaruza kuta, sipati hata lepe la usingizi."

"Haya, jirani, tumesikia," alisema Bibi Mchwa.

Mchwa wakahamia ng'ambo ya njia. Korido zikawa safi. Siku ya tatu joto likapanda, maana hakuna aliyezibua matundu ya hewa. Mvua ya kwanza ikapasua ukuta palepale penye mayai.

Nguchiro akaitisha kikao kujadili ufa. Kenge hakungoja ajenda. Aliyabeba mayai moja moja hadi kwa mchwa.

"Bibi, wanangu watakufa. Nilikosa."

"Ulikosa kweli. Pita kulia."

Kulia palikuwa na mlango unaomtosha kenge, na ndani vishimo sita vilivyokwisha kukauka.

"Mmejuaje kuwa ni sita?"

"Kwani ule mkwaruzo ulidhani ni wa nini?" aliuliza Bibi Mchwa. "Tulikuwa tunayafunika."

Kesho yake alifika Nguchiro, ameloa, akauliza kamati inakaa wapi.

"Koridoni," aliambiwa, "na sisi sote. Shika udongo."