Mama wa Barazani

Siwema alikuwa anauza nyumba aliyojenga na marehemu mama yake ndani ya mchezo wa mtandaoni. Kikatuni cha mama bado kilikuwa kimekaa barazani, kimejifunga kanga ya kijani. Wanunuzi wawili wenye bei nzuri alishawafukuza, maana walimpita mama bila neno, wakakimbilia kukagua vyumba.

Wa tatu alisimama mlangoni, akaandika: "Huyu mama hahami?"

"Neno la siri la akaunti yake alikwenda nalo kaburini," Siwema akamjibu. "Ukinunua nyumba, utaishi naye."

Kikatuni cha mgeni kikageuka, kikainama. "Shikamoo, mama."

Siwema, peke yake chumbani, akaitikia kwa sauti: "Marahaba, mwanangu."

Kwenye kioo cha simu, mgeni alikuwa bado ameinama, anangoja.