Bei Haitapanda

Maksai wawili walikuwa wameshavuka mto mkavu, Mulei nyuma yao na fimbo, mkewe Syombua akiwafuata mbiombio.

"Baba Nzuki, mvua ni mwezi ujao. Tutalima na nini? Kwa kucha?"

"Hukusikia? Gavana wa Benki Kuu amesema bei ya chakula haitapanda."

"Si hiyo ni habari njema?"

Mulei alitema mate. "Mwaka juzi wakubwa walisema chakula kipo tele. Ulikula nini, mama Nzuki? Mahindi ya njano, tena ya foleni."

Habari yenyewe ilitoka kwa Muthama mwenye duka, na redio yake inayoshika stesheni yoyote inayoitaka. Jana yake aliwasimulia watu barazani: shilingi ni imara, wananchi wasiwe na wasiwasi, wasifiche chakula.

"Na Kiswahili chake, safi ajabu," Muthama aliongeza. "Ametuita ndugu."

"Mkubwa akikuita ndugu, shika mfuko wako," Mulei alisema, na baraza zima likacheka. Kufikia jioni kila mtu alikuwa anatafuta kamba ya ng'ombe.

Sokoni Kibwezi, Mulei aliwakuta wote wametangulia na mifugo yao. Abukar, mnunuzi wa ng'ombe, alikuwa akitaja bei bila kuwatazama usoni. Maksai wawili wakaenda kwa bei ya mmoja. Upande wa mahindi, kila aliyebeba gunia alimwachia wa nyuma yake bei mpya. Mulei alipata magunia matatu.

"Umeona sasa?" alimwambia mkewe. "Si nilisema yatapanda?"

Syombua alikuwa akitazama lori likiondoka na maksai.

Wiki mbili baadaye yalikuja malori ya mahindi kutoka Kitale, bei ikarudi pale ilipokuwa. Kisha mvua ikanyesha, mvua nzuri ambayo haikuwa imeonekana miaka mitatu.

Maksai walichinjwa Mombasa. Muthama alinunua pikapu. Syombua alilima nusu ekari kwa jembe la mkono mpaka mgongo ukakataa, akarudi kwao Migwani na hakutoka huko tena. Mulei alikuwa bawabu wa kituo cha petroli Mtito Andei mpaka alipokufa. Gavana alistaafu salama kwao Dar es Salaam. Shilingi aliyoitetea siku ile ilikuwa ya Tanzania.