Usiingie Wewe

Mwenyekiti Milembe aliburuta kiti chake mpaka katikati ya njia, akaketi mbele ya gari la kikosi cha msako. Joto la boneti lilimpiga usoni. Hakusogea.

"Mama, toa kiti," alisema Afande Gilbert akiteremka.

"Mwangaluka," alijibu Milembe. "Hapa kijijini tunaanza na salamu."

Gilbert hakuitikia. Alikuwa ameletwa kutoka Mwanza kuongoza msako wa wahamiaji haramu, na tangu afike, vijiji vya upande wa Nkololo vilikuwa vinaishi kwa kunong'ona. Watu waliovuka mpaka zamani, wakalima pamba, wakaoa na kuzikana hapa, walikuwa wakiburutwa kutoka majumbani kama wezi. Wenyeji nao hawakupona. Anatoli, fundi baiskeli wa Dutwa, aliulizwa jina la babu yake akachelewa kulitamka. Anatoli ana kigugumizi tangu utotoni. Walimpakia, na hajarudi.

Leo walikuwa wamemfuata bibi Generoza, na boma lake lilikuwa mwisho wa njia hiyo.

Nyuma ya kiti cha Milembe alisimama Mayige, kamanda wa sungusungu, filimbi ikining'inia shingoni, na pembeni yake Katekista Constantine. Mashambani wanawake walikuwa wameacha kuchuma. Walisimama katikati ya pamba, mafurushi waliyojifunga tumboni yamejaa, wakitazama.

"Alitoka Burundi akiwa msichana," alisema Constantine. "Ameolewa hapa. Amemzika mumewe hapa. Mwanawe mmoja tu, mashangazi walimchukua kumpeleka mjini akiwa bado anachunga ndama. Sasa bibi anafagia kanisa na kuota jua. Mnampeleka kwa nani?"

"Kwao."

"Kwao wapi, afande? Waliomjua huko wote wameshakuwa udongo."

"Mahubiri ni Jumapili, katekista. Leo Jumatano."

Mayige aliinua filimbi. "Nikipuliza hii, yowe litaitikiwa mpaka Zagayu. Hilo gari mtalirudisha Bariadi kwa kulisukuma."

"Puliza. Nitarudi na mengine, na nitaanza na wewe." Gilbert aligeuka. "Nancy! Leta pingu."

Nancy, askari wake mgeni kazini, aliteremka na pingu mkononi. Alisimama karibu na gari, hakumsogelea mtu.

Hapo ndipo Milembe aliposimama. Tangu Gilbert ateremke, alikuwa hajaondoa macho usoni pake. Sasa alikivuta kiti pembeni.

"Basi," alisema. "Mchukueni."

"Mwenyekiti!" Mayige aling'aka. "Si tumekubaliana tufungwe wote?"

"Nyamaza, Mayige. Afande, nina sharti moja. Aingie huyu binti. Amtoe yeye, ampakie yeye. Wewe ubaki hapa na sisi."

Gilbert alicheka. "Mmemficha nani mwingine humo?"

"Hakuna mwingine."

"Kuna nini, basi? Silaha?"

"Hakuna kitu, mwanangu."

"Mimi si mwanao."

Milembe alifungua kinywa. Akamtazama Nancy, akakifunga.

Mayige alimwangalia mwenyekiti wake, kisha akamgeukia afande na kumwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anavyomwangalia mtu. Filimbi ikamponyoka. Aliposema tena, ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Afande, nikamate mimi. Sema nimekupiga. Nitakubali mbele ya hakimu. Lakini usiingie wewe."

Katekista alikuwa ameshafumba macho, midomo inamchezacheza.

Kadiri walivyombembeleza, ndivyo Gilbert alivyozidi kuamini kwamba humo ndani kuna jambo kubwa kuliko kikongwe. Alimwashiria Nancy abaki. Hakwenda kwenye lango la boma. Alizunguka ua wa minyaa mpaka upande wa nyuma, akavuta tawi la miiba lililoziba chini, na upenyo wa ndama ukaonekana.

"Nani amekuonyesha hapo?" Mayige aliuliza.

Gilbert alisimama, tawi mkononi. Kwa kitambo alifanana na mtu aliyesahau alichotumwa.

"Maboma yote ni yaleyale," alisema.

Akapenya. Waliobaki nje walimwona juu ya ua akivuka uwanja, akainamisha kichwa kabla hajaufikia mlango mfupi wa nyumba, na giza la ndani likammeza.

Upepo uliinua vumbi, ukalitupa juu ya kioo cha gari, ukatulia. Nancy alimsogelea mwenyekiti.

"Mama, kuna nini humo?"

Milembe alimshika mkono, ule wenye pingu, kwa upole uliomtisha Nancy kuliko fimbo zote za sungusungu.

"Wewe ni mtoto mzuri, binti. Naona. Sasa nakuomba kitu kimoja tu. Ziba masikio."

Nancy hakuziba.

Ndani, kitu cha bati kilianguka sakafuni. Kisha sauti ya kizee, nyembamba, isiyo na haraka, ikaita jina ambalo Nancy hakuwahi kulisikia kazini.

"Nzeyimana?"

Naye afande akaitika, kwa lugha ileile ya Burundi aliyomfundisha Nancy kuwatambulia wahamiaji.