Kocha Asiye na Benchi

"Benchi lake zima lilikuwa na kipa wa akiba na ndoo ya maji."

Mhariri alicheka aliposoma sentensi hiyo, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Mwandishi wa michezo alikuwa amemchambua kocha kama karanga. Mshambuliaji kavunjika mguu kipindi cha kwanza, wa kumbadilisha hayupo, akaingizwa kipa acheze mbele. Wakafungwa sita.

Mhariri aliona bado haitoshi. Mtu anayepeleka watu vitani bila akiba hastahili huruma, anastahili kwenda kuuza mipira sokoni. Aliagiza ukali uongezwe, na mwandishi hakubisha. Pale ofisini hakuna aliyembishia. Wabishi na wavivu aliwatimua wote mwaka jana, na gazeti bado lilitoka kila Jumatatu. Watu wa ziada, alipenda kusema, ni midomo ya ziada.

Makala ikahamia meza ya msahihishaji. Kikombe cha chai kikafuata. Mvua ya uwanjani jana ilimlowesha mwandishi, ikamlowesha na mpiga picha, na leo ofisi nzima ilikuwa inapiga chafya. Msahihishaji alisoma huku macho yanamtoka maji, akaona nukta zimerukwa, akaziacha. Kichwa cha habari alikitia mhariri mwenyewe: "Kidole Kimoja Hakivunji Chawa."

Simu ikalia. Alikuwa kocha. Amepata fununu, anaomba makala isitoke, maana viongozi wa klabu wanatafuta sababu tu ya kumfukuza.

"Wachezaji wa akiba walininyima wao, mzee wangu. Mimi niliomba mpaka nikachoka."

"Kocha wa kweli angeikataa timu ya namna hiyo," alijibu mhariri.

Kocha akaomba basi aongee na mwandishi. Akaambiwa asubiri. Sauti iliyofuata ilikuwa nyembamba kidogo, yenye mafua yaleyale, na dharau haikupungua hata chembe.

Kocha akaona aende mwenyewe akajitetee uso kwa uso. Alikuta mlango wazi, makala ipo kwenye kompyuta, haijatumwa kiwanda cha kuchapa, na mtu asiyemjua kwa sura kaanguka sakafuni katikati ya meza nne, anachemka kwa homa. Wengine hawakuwepo. Kocha aliwadharau kwa moyo wake wote. Watu gani hao wa kumkimbia mwenzao mgonjwa? Akambeba mgongoni mpaka hospitali.

Muuguzi aliuliza nani ajulishwe huko gazetini.

"Mpigie mhariri," alisema kocha.

Mgonjwa akatikisa kichwa, akajigusa kifua kwa kidole.

"Basi mwandishi wa michezo."

Kidole kikabaki palepale.

"Msahihishaji? Mpiga picha?"

Mgonjwa akafumba macho. Kidole hakikuondoka kifuani.